Ukuta, Majani na Njia: Namna Nyumba Zinavyotupangia Kazi

Maneno ya kamati mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Lubumbashi

 

Leo hatukuja kusoma ripoti ya feza. Mweka hazina atasoma yake nyuma yetu. Tumekuja juu ya swali moja ambalo limetugawanya kwa miezi sasa. Rafiki mmoja wa chama anataka kutununulia kamioneti ya mtumba, ili kikosi chetu cha kazi za nyumba kizunguke mji mzima. Mnakijua kikosi hicho: wale wanaosafisha matanki, kukata majani, kupaka rangi, kuzibua mifereji na kuziba mabati yanayovuja. Habari ya gari ilipofika, wengi walipiga makofi. Wengine walinyamaza. Kamati ilikaa, ikahesabu, ikahesabu tena. Leo tunawaambia wazi: tunamshukuru rafiki huyo kwa moyo wote, lakini tunamwomba ageuze msaada wake. Tunaomba vituo vitatu vidogo vya vyombo, kila kimoja katika kartie yake. Gari hatuliombi.

Tunasikia mnanong'ona. “Hawa ba kamati wako na akili kweli? Nani anakataa gari?” Ni swali la haki. Ndiyo maana tunaomba muda wenu.

Neno letu ni hili. Tulizoea kufikiri kwamba mfanyakazi anatafuta kazi, anaipata au anaikosa, kwa bidii yake na bahati yake. Miaka tuliyofanya kazi kule Afrika Kusini, na miaka tuliyofanya hapa, imetufundisha kwamba nyumba ndiyo inapanga. Upana wa parseli, ukuta, urefu wa njia, na nani anashika ufunguo: mambo hayo manne yanaamua kazi gani iko, nani anaipata, analipwa namna gani, na kama atarudi kwake mzima. Ukileta gari bila kutazama nyumba, gari litakula feza na kazi itabaki palepale.

TULIYOYAONA JOHANNESBURG

Tuanze kule ambako wengi wetu tulitoka. Tulikaa Yeoville, Berea, Hillbrow, ndani ya magorofa ya zamani, watu wanne au watano chumba kimoja. Kazi ya kutunza nyumba haikuwa pale. Gorofa halina majani. Kazi ilikuwa kaskazini, Randburg, Sandton, Fourways, au upande wa mashariki, Kempton Park. Kule nyumba moja imekaa peke yake katikati ya parseli kubwa, majani mbele, majani nyuma, pisini, miti, na ukuta kuzunguka vyote.

Parseli ya namna hiyo inazaa kazi isiyokwisha. Yale majani ya kikuyu yanayotambaa, mvua ikinyesha ukiyakata leo, baada ya majuma mawili yanakudai tena. Pisini inataka dawa na kuchujwa. Miti inaziba mifereji ya paa. Juu ya ukuta wameweka waya wa umeme, na tawi likigusa waya, kengele inalia usiku kucha, kwa hiyo lazima mtu wa kukata matawi. Hakuna aliyekaa akasema, “Tuwape Wakongomani kazi.” Ni umbo la nyumba lililotuita.

Sasa tazameni njia. Sheria ya mwaka 1950 ya kugawa makazi kwa rangi iliwasukuma watu weusi mbali na kartie hizo. Sheria ilifutwa mwaka 1991, lakini nyumba hazikuhama. Mfanyakazi aliendelea kuamka saa kumi ya usiku, akapanda taksi ya kwanza, akapanda ya pili, na sehemu nzuri ya mshahara ikabaki ndani ya taksi. Ndiyo maana nyumba nyingi za zamani kule zina chumba kidogo nyuma ya yadi. Mfanyakazi alilazwa palepale, awe karibu na kazi asubuhi na usiku, mbali na watoto wake.

Wenye kampuni za bustani walitatua swali la njia kwa namna nyingine. Walipanga siku kwa kartie: Jumatatu huku, Jumanne kule. Gari moja, watu wanne, mashine mbili, na nyumba zinazofuatana kwenye barabara moja. Gari liliwalipa kwa sababu tatu: nyumba zilifanana, barabara ilikuwa ya lami, na kila mwenye nyumba alilipa kwa mwezi, majani yakiota au yasiote. Shikeni hizo sababu tatu, tutazirudia.

Halafu, mbele ya macho yetu, nyumba zikabadilika. Watu waliogopa wezi. Wakaanza kuuza nyumba kubwa na kuhamia ndani ya nyumba ndogo nyingi zilizozungushwa ukuta mmoja na geti moja. Kule kuna sheria ya mwaka 1986 inayoruhusu kila mtu awe na nyumba yake huku yadi, paa na njia vikiwa mali ya wote pamoja. Wenye nyumba wanachanga, wanachagua wakubwa wao, na wakubwa wanampa meneja kazi ya kutafuta kampuni. Basi nyumba zote za ndani zikawa na mkataba mmoja wa majani, mmoja wa ulinzi, mmoja wa usafi.

Ndugu zetu waliozoea kugonga mlango baada ya mlango walipotea hapo. Mlango wa kugonga haukuwepo tena. Kulikuwa na geti, na kwenye geti karatasi ya majina. Tuliona wenzetu wakipoteza wateja wa miaka mingi ambao hawakuwa na neno baya juu yao. Mteja alihamia ndani ya ukuta wa pamoja, na mfanyakazi wake akabaki nje. Lakini tuseme pia upande wa pili: aliyeingia kwenye kampuni yenye mkataba alipata karatasi ya mshahara na siku zinazojulikana. Geti hilohilo lilimfungia mmoja, likamtuliza mwingine.

Jambo la mwisho la kule. Mwaka 2012, mjini Pretoria, mfanyakazi wa nyumbani alianguka ndani ya pisini ya waajiri wake akafa maji. Familia yake haikupata fidia, kwa sababu sheria ya ajali za kazini iliwaacha nje watu wanaofanya kazi ndani ya nyumba za watu. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Katiba, na tarehe 19 Novemba 2020 mahakama ikasema kwamba kuwaacha nje ni kinyume cha Katiba. Miaka 8 ilipita. Na mshahara wa chini wa wafanyakazi wa nyumbani, pamoja na wale wa bustani za nyumbani, ulifikia ule wa wafanyakazi wengine mwezi wa 3 mwaka 2022 tu. Ukuta uliojengwa juu ya wezi ulizuia pia macho ya sheria. Tulikuwa ndani ya kuta hizo, tunajua.

KOSA LETU

Tulirudi kwa sababu mbalimbali. Wengine baada ya fujo za 2008 zilizoanza Alexandra, ambako zaidi ya watu 60 walikufa. Wengine baada ya 2015. Wengine karatasi zilikwisha, wengine wazazi walikufa hapa. Hatutarudia hadithi hizo leo. Tunasema tu kwamba tulirudi na ujuzi, na mashine mbili za kukata majani tulizovusha Kasumbalesa, na wazo moja kichwani: tufanye kama kule.

Wakubwa wa kikosi wanakumbuka. Tulikodi gari kwa mzee mmoja mwezi wa kwanza, mvua ikiwa bado inanyesha, majani yamesimama. Tuliandika siku: Jumatatu Golf, Jumanne Makomeno, Jumatano Bel-Air. Mwezi wa nane tulirudisha gari kwa mwenyewe, na deni juu. Kwa muda mrefu tulisema ni mafuta yaliyotuua. Mafuta yalikuwa ghali kweli, lakini kosa lilikuwa letu: tulisoma mji wetu kama kwamba ni Randburg.

Tulipogonga Golf, nani alifungua? Zamu.

“Muko natafuta nani?”

“Tuko ba kazi ya majani, ndugu. Tunaweza kuona mama wa nyumba?”

“Majani njo kazi yangu. Muende.”

Na alisema kweli. Huku kwetu ukuta na portali vinataka mtu mchana na usiku, kwa hiyo mtu yuko tayari pale. Akiwa pale, anapewa yote: anafungua, anaosha gari, anamwagilia maua, anakata majani, na usiku analinda. Kule waya na kengele vilichukua sehemu kubwa ya kulinda, na majani yakabaki kwa wengine. Hapa majani ni ya zamu, na sisi tulikuja kumnyang'anya mkate bila kujua.

Kisha kiangazi kilifika. Kuanzia mwezi wa tano mvua imekwenda, majani yamekauka, na hakuna mtu hapa anayelipa kwa mwezi kwa majani yaliyokufa. Ile sababu ya tatu ya Johannesburg haikuwepo. Ya kwanza nayo haikuwepo, kwa sababu nyumba zetu hazifanani. Na ya pili, barabara, mnajua wenyewe. Ukitoka kwenye lami kwenda Annexe wakati wa mvua, gari linazama mpaka tumbo.

MJI WETU UNA NYUMBA ZA NAMNA TATU

Baada ya hasara hiyo tulianza kutazama mji kwa macho mengine.

Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini, kwa ajili ya shaba. Wakoloni walijenga sehemu ya Wazungu yenye avenyu pana na miti, wakaweka Waafrika upande wa kusini, katika ile cité iliyoitwa Albert, ambayo leo ni Kamalondo. Katikati waliacha kipande kitupu cha udongo kutenganisha watu na watu. Kisha ikaja Kenya, kisha Katuba na Ruashi. Union Minière nayo ilijenga kambi zake kwa wafanyakazi wake.

Ndani ya kambi, kampuni ndiyo ilikuwa fundi. Paa likivuja, brigedi ya kampuni inakuja. Mfereji ukiziba, inakuja. Wazazi wetu waliozaliwa kambini hawakujua kumlipa fundi wa robine, kwa sababu nyumba haikuwa yao na matengenezo hayakuwa shida yao. Gécamines ilipodhoofika, brigedi zilikwisha, na mwaka 2003 watu zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Kazi yote ya brigedi iliangukia mabega ya mwenye kukaa ndani, aliye na mshahara mdogo au asiye nao kabisa. Tangu hapo, anayeziba mabati kambini ni fundi wa mtaani mwenye nyundo na misumari mfukoni.

Basi leo tunaona nyumba za namna tatu.

Ya kwanza ni ya ville, Golf, Makomeno na Bel-Air. Parseli kubwa, ukuta mrefu. Mwenye nyumba mara nyingi yuko Kinshasa au ng'ambo. Anayekaa ndani ni mpangaji, wengi ni watu wa kampuni za madini, wanaolipa kwa dola. Ufunguo uko kwa komisionere au kwa mtu wa familia. Maji ya REGIDESO yakikatika na moto wa SNEL ukienda, nyumba hizo hazingojei. Kila moja imejitengenezea REGIDESO yake na SNEL yake: kisima kirefu, pompu, tanki juu ya mnara, grupu, paneli za jua. Kwa hiyo kazi yao kubwa iko kwenye maji na umeme: kuosha tanki, kubadili robine, kufuta vumbi la kiangazi kwenye paneli, kupaka rangi mpangaji akitoka. Sisi tulikuwa tunagonga portali na mashine ya majani mkononi, huku juu ya vichwa vyetu tanki linavuja!

Ya pili ni ya cité na kambi: Kamalondo, Kenya, Katuba na sehemu zinazofanana nazo. Parseli ni ndogo, na kila mwaka inapungua kwa ndani, kwa sababu mwenye parseli anaongeza vyumba vya kupangisha. Familia tano, robine moja, choo kimoja. Kazi ni nyingi, ndogondogo, ya haraka, ya franka. Shida ni nani atalipa. Mwenye nyumba anasema wapangaji ndio waliojaza choo. Wapangaji wanasema choo ni cha mwenye nyumba. Wakati wanabishana, shimo linajaa. Na vile vyumba vya kuongeza vimefunga njia, lori la kuvuta maji machafu haliwezi kuingia. Mikono ya watu inabaki.

Ya tatu ni ya Annexe, komini inayozunguka zingine zote kama mshipi. Huko mji unakua. Mtu ananunua parseli, anajenga msingi, anangoja feza, anainua ukuta, anangoja tena. Nyumba inaweza kukaa miaka bila madirisha. Ndani yake utakuta mlinzi wa shantie na mke wake na watoto, wamewekwa pale ili parseli isiuzwe mara ya pili kwa mtu mwingine. Mshahara wa wengi ni kule kulala tu. Siku nyumba inakwisha, familia inatoka. Baadhi yenu mliokaa hapa mbele mnaishi hivyo, tunawajua. Kazi ya huko ni kuchimba visima, kuchimba mashimo ya choo, kupiga matofali, kufunga mabati kabla ya mvua. Na kisima na choo vinakaa karibu mno, kwa sababu kila parseli inajifanyia yake bila kumuuliza jirani.

Mkiweka namna hizo tatu pamoja, mtaona kwamba hakuna gari moja linaloweza kuzitumikia. Ya kwanza inataka mtu anayeaminika, ambaye zamu anamjua kwa sura. Ya pili inataka mtu wa karibu, wa kuitwa asubuhi na kufika kabla ya saa sita. Ya tatu inataka vyombo vilale hukohuko, kwa sababu barabara haitabiriki.

HESABU YA NJIA

Tuchukue mfano tu, wa kueleweka. Baba mmoja anakaa Annexe, anaitwa kuosha tanki Golf kwa franka 15,000. Kwenda na kurudi, na ngazi ya kukodi, kunamla 5,000. Chakula cha njiani 2,000. Anarudi na 8,000, na siku imekwisha. Mwingine anakaa mtaa wa pili na tanki lile, ngazi iko kituoni, anatembea kwa mguu. Anarudi na 15,000, na saa nane mchana bado anaweza kushika kazi nyingine.

Mnaona? Bei ya kazi ni ileile, ila njia imekula karibu nusu. Gari la chama lingemsafirisha baba wa kwanza, ndiyo, lakini mafuta, fundi, karatasi na wale wanaosimamisha gari njiani wangelipwa na nani? Wangelipwa na tanki lilelile. Gari linalipa pale ambapo nyumba nyingi zinazofanana zinafuatana. Kwetu kazi ziko moja huku, moja kule.

SHIMO

Sasa tunafika mahali pagumu, na tunaomba wamama wa familia watusamehe tukilitaja.

Mnajua habari ya mwenzetu aliyekufa mwaka jana kabla ya mvua. Wafadhili hawaijui, kwa hiyo tutaisema.

Chama kilipigiwa simu kutoka parseli moja ya cité. Choo kilijaa. Tulikubali bei kwa simu, tukatuma vijana wawili. Walipofika walikuta vyumba vya kupangisha vimefunga njia, lori haliwezi kupita. Mwenye parseli akasema, “Mutoe kwa ndoo, kama benzenu.” Walifungua kifuniko. Wa kwanza alishuka kwa ngazi. Baada ya muda mfupi aliacha kujibu. Wa pili alishuka kumtoa. Majirani walimvuta wa pili kwa kamba, akiwa hai. Wa kwanza tulimzika. Ameacha mke na watoto wawili.

Ndani ya shimo la namna ile kunakaa hewa mbaya isiyo na rangi. Mwanzoni inanuka kama yai bovu, kisha pua haiisikii tena, na mtu anafikiri imetoka. Hewa ya kupumua imekwisha. Anayeshuka kuokoa anaanguka juu ya aliyeanguka. Hatukuwa tumewafundisha hayo.

Mwenye parseli alikuja kwenye kilio na mchele, akasema hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Alisema kweli, karatasi haikuwepo. Familia ile ya Pretoria ilingoja miaka 8 ikapata hukumu. Familia ya mwenzetu haina hata karatasi ya kupeleka mahakamani. Kasha la chama ndilo lililipa mazishi, na ndilo linalipa masomo ya watoto mpaka leo.

Lakini hatukusimama hapa kumlaumu mwenye parseli peke yake. Kamati ilikubali kazi bila kumtuma mtu kutazama parseli. Tulifanya kazi ya mji mzima kwa simu. Kama kungekuwa na kituo Kenya au Katuba, mtu wetu angetembea dakika kumi, angeona njia imefungwa, angesema hapana. Kosa hilo ni letu, na ndilo lililotufanya tukae tena na kuhesabu.

TUNACHOOMBA

Kwa rafiki yetu na wafadhili wote: ile feza ya kamioneti pamoja na mafuta yake ya mwaka, tunaomba iwe vituo vitatu. Kimoja upande wa Golf na Makomeno, cha matanki, rangi na usafi wa nyumba iliyohamwa. Kimoja kati ya Kenya na Katuba, cha mabati, mifereji na mabomba. Kimoja Annexe, cha visima na ujenzi. Kila kituo ni chumba kimoja chenye kufuli, ngazi, kamba, brueti, brashi za matanki, dawa ya klorini, glavu, buti, na pompu yenye bomba refu. Mzigo mkubwa ukitokea, tutakodi gari la siku moja. Matumizi yatachapishwa katika gazeti letu kila miezi mitatu, kituo kwa kituo.

Kwa wanachama, tunaomba mambo matano.

Moja. Hakuna mtu wa chama atakayeshuka ndani ya shimo la choo. Lori likiweza kufika, lori. Lisipofika, pompu na bomba kutoka juu. Visipowezekana, tunakataa kazi. Anayeshuka kwa siri juu ya feza anatufanya tuzike mara ya pili.

Mbili. Kila kazi inatazamwa kwanza, halafu inaandikwa. Karatasi moja, Kiswahili na Kifaransa: kazi gani, bei gani, nani anawajibika mtu akiumia. Mwenye nyumba asiyetaka kuandika ametuonyesha mapema atakavyofanya siku ya ajali.

Tatu. Zamu ni ndugu yetu. Yeye ndiye anajua tanki linavuja na lini mpangaji anahama. Tumkaribishe ndani ya chama, tumfundishe, na akituitia kazi apate sehemu yake inayojulikana. Hatutagusa majani yake tena.

Nne. Tufuate majira. Kiangazi ni cha rangi, paneli na matanki. Mwezi wa tisa na wa kumi, maji ya chini yakiwa yameshuka, ni wakati wa kuchimba visima, na ni wakati wa kukagua mabati na mifereji kabla ya mvua ya kwanza. Mvua zikifika, ni kuzibua na kuziba. Asiwepo mtu wa kukaa miezi mitano akingoja majani yaote.

Tano. Wamama wasiachwe nyuma. Wengi wao walisafisha ofisi na nyumba Johannesburg miaka mingi kuliko sisi tulivyokata majani. Nyumba iliyohamwa, tanki, rangi: hiyo ni kazi yao kama wanaitaka, kwa bei ileile.

Hatuwadanganyi. Vituo vina shida zao. Vyombo vinaweza kuibwa, na tutahitaji mtu mwaminifu kwa kila ufunguo. Wanachama wa Ruashi wameshauliza, “Na shiye je?” Kwa sasa hatuna jibu zaidi ya hili: vitatu vikisimama mwaka mmoja bila deni, cha nne kitakuwa chao.

Kura itapigwa baada ya chakula. Mjane wa mwenzetu yuko hapa nasi, na ametuomba tusome jina la mume wake kabla ya kura. Tutalisoma. Anayetaka gari aseme kwa sauti, hatutakasirika, nasi tulilitaka. Tunamwomba tu kwanza afikirie anakokaa yeye, atembee kwa akili kutoka mlango wake mpaka kwenye kazi yake ya mwisho, kisha atuambie gari lingesimama mbele ya nyumba zipi, na nani angefungua.